Mikasa V200W: mpira wa kina Eda Erdem unafaa uwanja gani?

Eda Erdem, Mturuki anayecheza mpira wa wavu na nguzo ya klabu ya Fenerbahçe tangu 2008, anacheza kati. Pigo lake kali ni lile la kukimbia nyuma ya seta, yule anayewaandalia wenzake mpira wa kupiga, na kuruka kwa mguu mmoja. Mpira ukimteleza seta vidoleni, pigo hilo limekufa. Uturuki, yeye akiwa nahodha, ilipotwaa Ligi ya Mataifa Julai 2023 kwa kuifunga China seti 3-1, mpira ulikuwa huu, V200W wa kampuni ya Mikasa, ambao FIVB, shirikisho la mpira wa wavu duniani, inautumia tangu 2019. Malkia Strikers, timu ya wanawake ya Kenya, nao waliuchezea Olimpiki ya Paris 2024.

Uzuri wake uko kwenye ngozi. Vipande ni 18, MVA200, mpira wa Mikasa uliotangulia, ilikuwa na 8, na uso mzima una vishimo vidogo vidogo, kwa hiyo vidole vinaushika hata vikiwa na jasho. Anayefaidi zaidi ni seta wa pasi fupi za haraka. Kwa sevu ya kuelea, ile ya kuanzisha mchezo ambayo mpira unakwenda ukiyumba bila kuzunguka, gonga katikati kwa kiganja kilichokazwa na usiusindikize kwa mkono. Mpira ukizunguka tu, hauyumbi tena.

Wengi wanauharibu kwenye kujaza upepo. Kanuni inataka 0.30 hadi 0.325 kg/cm², yaani psi 4.3 hadi 4.6 tu. Geji ya pampu ya baiskeli haisomi vizuri kiasi kidogo hivyo, tafuta geji ya mipira. Ukizidisha, mpira unaruka ovyo kwenye mikono ya mpokeaji na maungio yanaanza kuvimba. Lowesha sindano kabla ya kuiingiza. Ikiwa kavu inachana vali, na hapo upepo utavuja kila siku.

Huu ni mpira wa ukumbini. Vipande vimebandikwa kwa gundi, havikushonwa, hivyo vikibanduka fundi viatu hana la kufanya. Zege na changarawe zinakwangua vishimo, na jua linachosha gundi. Shule yenye uwanja wa udongo ifanyie mazoezi mpira wa bei nafuu, huu uhifadhiwe kwa mechi za ndani. Ukichafuka, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kivulini.

Dukani, nenda na futi ya fundi cherehani na mizani ndogo ya jikoni: ukiwa umejazwa sawasawa, mzingo uwe sm 65 hadi 67, uzito gramu 260 hadi 280. Ukitoka nje ya hapo, usilipe.