Tawa la kale la chuma kwa chapati: lipi lichukuliwe kwanza

Ukiwa Marekani na nyumbani kwako chapati hazikauki, usikimbilie tawa jipya lenye utando wa kuzuia kugandisha. Chapati inataka moto, na utando ule ukivuka nyuzi 260 hivi za Selsiasi unaanza kuharibika. Pita kwanza kwenye maduka ya mitumba na minada ya vitu vya nyumbani, hasa majimbo ya Ohio na Pennsylvania. Huko yapo matawa ya chuma cha kusubu (cast iron), yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, yaliyotoka kiwandani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na bado yanapika.

Tofauti iko usoni. Viwanda vya zamani vilikisubu chombo kisha vikasaga na kung'arisha upande wa kupikia mpaka ukawa laini. Siku hizi vyombo vingi vya bei nafuu huachwa na mikwaruzo ya kalibu ya mchanga. Chapati huteleza na kugeuka vizuri zaidi juu ya uso laini, na tawa la kale kwa kawaida ni jembamba na jepesi mkononi. Mpangilio ninaoutoa hapa nimeupanga kwa kuangalia chapati, si kabati la maonyesho.

1. Wagner Ware, la mviringo lenye mkono. Kiwanda cha Wagner kilianza mwaka 1891 mjini Sidney, Ohio. Kazi yao ni safi sana, na kwa kuwa wakusanyaji wengi wanakimbizana na Griswold (kampuni nyingine, namba 3 hapa chini), Wagner hubaki kwenye bei inayosemeka. Geuza mgongo usome. Ukikuta maneno "Made in USA", mara nyingi ni la miaka ya 1960 na kuendelea, wakati ung'arishaji ulikuwa umeshalegea. Liache, utapata la zamani zaidi.

2. Lisilo na jina. Hili ndilo ninalompendekezea mtu anayeanza. Wagner wenyewe walisubu vyombo visivyo na nembo, na Birmingham Stove & Range ya Alabama ilitoa vingi vyenye namba na herufi tu mgongoni. Wauzaji huviuza rahisi kwa kuwa havina jina la kutangaza. Likiwa laini na limenyooka, halina upungufu wowote jikoni.

3. Griswold. Erie, Pennsylvania, kuanzia 1865 mpaka kiwanda kilipofungwa 1957. Nembo ni msalaba ndani ya duara mbili. Kwa ubora, hakuna wa kuwadharau, na kwa mkusanyaji hili ndilo la kwanza. Nimelishusha kwa sababu sehemu kubwa ya pesa yako inakwenda kwenye nembo, na kwa sababu linaigwa. Waigaji hutumia tawa halisi kutengenezea kalibu. Chuma kikipoa husinyaa kidogo, hivyo la bandia hutoka dogo kuliko halisi, herufi zake zimefifia na uso ni mkwaruzo. Pitisha kidole juu ya maandishi kabla ya kutoa pesa.

4. Lodge jipya. Wapo South Pittsburg, Tennessee, tangu 1896. Ni zito na lina mikwaruzo, lakini linakuja limeshapakwa mafuta na kuchomwa, na huna haja ya kuhofia limepitia mikono gani. Kwa mwanafunzi mwenye haraka, linatosha.

Mengine yote yanafuata nyuma. Tawa refu la kufunika mafiga mawili lina kasoro moja kubwa kwa chapati: katikati hupoa na ncha mbili huungua. Yenye kovu la mstari mgongoni, alama ya usubuji wa kabla ya miaka ya 1890 hivi, ni mazuri kuyatunza ukutani. Mimi nisingeyapiga moto wa kila siku.

Namba iliyoandikwa, tuseme 8 au 9, si inchi. Ni ukubwa wa tundu la jiko la kuni la zamani. Chukua futi upime mwenyewe. Sentimita 24 hadi 27 za uso zinatosha chapati ya nyumbani.

Sasa ukaguzi, na hapa usione haya mbele ya muuzaji. Lishike mkono, uligonge kwa kifundo cha kidole: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Fuata ukingo mzima kwa ukucha, maana ufa hujificha chini ya masizi. Kisha liweke juu ya kioo cha kaunta, ubonyeze kingo. Likicheza kidogo, jiko la gesi litalistahimili. Kama jiko lako ni la kioo, usilinunue, na hata lililonyooka likiwa na pete iliyoinuka chini halitagusana vizuri na kioo. Mabaka mekundu yasiyofutika kama kutu yanaonyesha liliwahi kutupwa motoni, na mafuta hayatashika hapo.

Kuna jambo la afya pia. Wawindaji na wavuvi wa huko walikuwa wakiyeyusha madini ya risasi ndani ya vyombo vya chuma ili wapate risasi za bunduki na chubwi za mishipi. Zaidi ni vyungu vyenye kina, ila kipimo cha kusugua, cha kugundua madini hayo, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pima kabla hujaanza kusafisha.

Kusafisha: pulizia dawa ya oveni yenye kostiki soda, lifunge kwenye mfuko wa plastiki siku moja au mbili, ukiwa nje na glavu mkononi. Kutu iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu, nusu saa, uangalie. Usiruhusu mtu apitishe mashine ya kusagia. Ule ulaini uliolipia ndio utakaoondoka. Likishakauka kabisa, lipake mafuta, kisha uyafute kama unayeyaondoa yote, lilaze kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja. Rudia mara tatu au zaidi.

Siku ya kupika, lipashe taratibu kwa moto wa wastani kama dakika kumi, kwa kuwa chuma hiki husambaza joto polepole. Ausha chapati pande zote mbili bila mafuta, ndipo uyatie kidogo kidogo. Ukingo wa tawa ni mfupi na mafuta mengi yatamwagikia jikoni.

Ukiwa bado dukani, tupa jicho kwenye rafu ya vyombo vyenye vishimo. Griswold namba 32, chenye vishimo saba, kilitengenezwa kwa vitafunwa vya duara vya Wadenmaki, na vitumbua vinaiva humo bila tabu yoyote. Lodge nao waliwahi kutoa cha aina hiyo.