TAHADHARI: Tiketi hewa za Makumbusho ya Nintendo, Kyoto. Nimepigwa laki 3 na 80

Wakuu, nimesharudi Dar, hasira zimepungua, aibu bado ipo. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wacheza gemu akiuza kitu anachokiita "kifurushi cha hija ya Mario": tiketi ya Makumbusho ya Nintendo (kampuni ya Kijapani iliyotengeneza gemu za Mario) kule Uji, jirani na Kyoto, pamoja na ziara ya ndani ya makao makuu ya kampuni. Anaongea Kiswahili kitamu cha Pwani na anadai anaishi Osaka. Msimpe hata mia. Tiketi yake ni hewa, na hiyo ziara ya makao makuu haipo kabisa.

Mimi natafutia watu magari Japani. Mwaka huu kwa mara ya kwanza nikapata safari ya kwenda mwenyewe, minada ya Kobe, na nikabakiwa na siku mbili za bure kabla ya kurudi. Kutoka Kobe mpaka Kyoto ni treni tu. Sasa mtu aliyekulia Magomeni, akaacha nusu ya hela za shule kwenye banda la gemu, unadhani angeenda wapi? Wa rika langu mnaijua ile kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999999, ukiiwasha unakuta gemu nne zinajirudia. Ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Mario tulimcheza bila sauti, maana mwenye banda alikuwa anasikiliza mpira redioni. Muziki wake, uliotungwa na Koji Kondo, nimekuja kuusikia nikiwa mtu mzima.

Kwa hiyo jamaa alipotangaza kifurushi, nilikuwa nimeshalegea kabla hajamaliza sentensi. Bei 380,000. Nikamuuliza mbona kubwa, akajibu tiketi ni za kugombania, yeye ana "mtu ndani". Akanipa Lipa Namba. Nilipoingiza, jina lililotokea ni la duka la vipodozi. Nikamuuliza, akasema ni biashara ya dada yake, nisiwe na wasiwasi. Nikabonyeza moja kukubali. Ndiyo, mimi, ninayewaambia wateja kila siku wasilipe gari kabla ya kuona jina la kampuni kwenye ankara.

Mwanzo alinipa siku ya Jumanne, akisema Jumanne kuna nafasi tele. Nikamwambia Jumanne nipo mnadani, akabadilisha fasta kuwa Alhamisi. Makumbusho yale hufungwa Jumanne, labda iangukie sikukuu. Hilo limeandikwa kwenye tovuti yao, dakika moja tu ya kusoma. Sikusoma.

Tiketi ilikuja kama picha: msimbo wa QR, picha ya Mario anaruka, na jina langu limeandikwa kwa herufi tofauti kidogo na maandishi mengine. Ukiikuza unaona kivuli cheupe nyuma ya jina, pale lilipofutwa jina la mwenyewe. Haya nayaona leo. Siku ile niliiona nzuri mpaka nikaituma kwa mke wangu.

Alhamisi nikashuka stesheni ya Ogura, nikatembea dakika chache mpaka getini. Nimevaa fulana nyekundu, nimejipanga mstari. Mbele yangu baba na wanawe wawili wanapita, mashine inalia vizuri. Yangu ikakataa. Dada wa pale akajaribu tena, akaniomba pasipoti, akaangalia kishikwambi chake, akainama. Akaongea kwenye kifaa cha kutafsiri: tiketi hii imeshatumika, tena kwa jina la mtu mwingine. Nikamuuliza kama naweza kununua pale pale. Akainama tena, chini zaidi. Getini hawauzi.

Nikampigia jamaa. Ujumbe ulienda tiki moja, ikabaki tiki moja mpaka leo.

Nilikaa pembeni pale kama nusu saa, sina la kufanya. Akatoka mtoto kakumbatia mto wenye umbo la padi ya kuchezea gemu, mkubwa kuliko kifua chake, anaubonyezabonyeza vitufe kwa ngumi. Sikumwonea wivu. Naam, nilimwonea.

Mchana nikaenda makao makuu, kata ya Minami, kwa matumaini ya kijinga kwamba labda nusu ya pili ya kifurushi ni ya kweli. Ni jengo jeupe la ofisi, lina uzio na lango. Mlinzi aliponiona na fulana yangu alishajua, akatikisa mkono kwa upole kabla sijafungua mdomo. Hawapokei wageni wa matembezi pale. Na hapa kuna uongo mwingine ambao shabiki wa kweli alipaswa kuudaka: jamaa aliandika kwamba utasimama "kwenye chumba alichozaliwa Mario". Kampuni ilihamia jengo lile mwaka 2000. Super Mario Bros. ilitoka tarehe 13 Septemba 1985. Miyamoto, Tezuka na wenzao waliitengeneza kwenye ofisi ya zamani ya mtaa wa Fukuine, kata ya Higashiyama, ambako kampuni ilikuwa tangu 1959. Mtu anakuuzia leba ya hospitali ambayo haikuwa imejengwa.

Sasa utaratibu wa kweli, kwa anayepanga kwenda. Makumbusho yalifunguliwa tarehe 2 Oktoba 2024, ndani ya kiwanda chao cha zamani cha karata. Tiketi ya mtu mzima ni yeni 3,300, ambayo kwa kiwango cha sasa ni kama elfu hamsini na kitu. Linganisha na nilichotoa, halafu msinicheke sana. Miaka 12 hadi 17 ni yeni 2,200, watoto wa 6 hadi 11 ni 1,100. Unafungua akaunti ya Nintendo, ambayo ni bure, kisha unaingia kwenye bahati nasibu kupitia tovuti yao rasmi miezi 3 kabla ya mwezi unaotaka kwenda. Wa Oktoba wanaomba Julai, majibu yanatoka tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kuomba hakulipiwi chochote. Ukishinda ndipo unalipa, na unalipa kwao, kwa kadi. Nafasi zinazobaki au zilizorudishwa zinaachiwa kwenye kalenda ile ile, anayewahi ndiye anapata, kwa hiyo hata kama umechelewa bahati nasibu usikate tamaa, ifungue ile kalenda asubuhi na usiku.

La kushika ni hili: tiketi ina jina la mwombaji, siku na saa, na hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu mwingine. Mlangoni wanaweza kudai kitambulisho chenye picha. Kwa hiyo hata yule anayekuuzia tiketi halisi, iliyolipiwa kweli, anakuuzia kitu ambacho unaweza kukataliwa nacho getini. Mtu aliyeko Osaka hana "mtu ndani" wa kubadilisha hilo. Njia pekee ya rafiki kukusaidia ni akuombee kwenye kundi lake na muingie pamoja, yeye akiwa mbele yako.

Cha ajabu, sehemu iliyonigusa zaidi haikunigharimu zaidi ya nauli. Kesho yake asubuhi nilikwenda Kagiyacho, kata ya Shimogyo, vichochoro vya karibu na mto Kamo. Pale kuna jengo la 1930 ambalo lilikuwa ofisi ya familia ya Yamauchi, waanzilishi wa Nintendo, waliokuwa wakitengeneza hanafuda, karata za Kijapani, tangu 1889. Tangu 2022 ni hoteli, inaitwa Marufukuro, na vyumba vyake si vya watu wa bajeti yangu. Ila mlangoni wameacha vibao vya zamani vya chuma vinavyosema hapa ni kampuni ya karata ya Nintendo. Hakuna Mario hata mmoja. Kuna baiskeli zimeegeshwa, bibi anafagia mbele ya nyumba yake, na kile kibao. Nilisimama barabarani kama mtu aliyepotea. Yule bibi akaniangalia, akaangalia fulana, akacheka, akaendelea kufagia. Ukienda, ongea taratibu, watu wanaishi pale.

Jengo la Fukuine nalo lipo bado, wanalitumia wenyewe. Unaliona kwa nje tu, na hapo pia hakuna wa kukuuzia kiingilio.

Kwa walioshalipa kama mimi: namba yake nimeituma kwenda 15040, ile ile tunayoripotia wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na nimefungua jalada polisi nikiwa na ujumbe wa muamala na mazungumzo yote. Msifute chat kwa aibu, hiyo ndiyo ushahidi. Kama duka lililotokea kwenye muamala wako ni la vipodozi pia, nitafute inbox tuunganishe majalada. Mpaka sasa tupo wanne, mmoja Mombasa, mmoja Muscat.

Na bado anaendelea. Juzi mdau kanitumia tangazo lake jipya, jina la wasifu kabadilisha, bei kapandisha mpaka laki 4 na nusu. Picha ya tiketi ni ile ile yangu, kile kivuli cheupe bado kipo. Siku aliyoandika ni Jumanne.