Geant4 kwa kazi ya pembe: nyota 4, ila chunga bunduki yako

Kama unataka kujua kigunduzi chako kitasoma nishati kiasi gani chembe ikija imelala badala ya wima, chukua Geant4, programu ya kuigiza kwenye kompyuta jinsi chembe zinavyopita ndani ya vitu, mi nimeikubali. Ni ya bure, ya C++, ilitoka mara ya kwanza 1998 na mizizi yake iko CERN. Nyota moja naikata sababu kuiinstoli kunachosha na mafaili ya data ni mazito, andaa bando la kutosha.

Mi nimeijaribu na kibao cha plastiki ile inayotoa mwanga, sm 10 kwa 10, unene sm 1, narusha myuoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) za GeV 4 (GeV na MeV ni vipimo vya nishati, GeV 1 ni MeV 1000). Zikiingia wima zinaacha kama MeV 2 kwa wastani. Karatasini unagawa unene kwa kosaini ya pembe kutoka wima, so nyuzi 60 njia inakuwa mara mbili, nikasubiri MeV 4. Nikageuza mwelekeo, nikaran, grafu tupu kabisa! Nusu siku nzima nahangaika nikidhani nimeinstoli vibaya, kumbe bunduki ya chembe, yaani pale programu inapoanzia kurusha chembe, nimeiacha palepale sm 20 juu ya kibao, na kwa nyuzi 60 myuoni inaenda kuangukia karibu sm 35 pembeni. Nilivyofungua picha ndo nikaona mstari unapita hewani, kibao kiko kule. Ukigeuza mwelekeo hamisha na bunduki jamani, mi niliiweka sm 17.3 pembeni na sm 10 juu, ikagonga katikati na ile 4 ikatokea.

Sasa nilipotawanya myuoni kibao kizima, grafu ikaota mkia upande wa nishati ndogo. Nikazifuata moja moja: zinazoingia chini ya sm 1.7 kutoka ule ukingo zinakoelekea zinatokea ubavuni kabla ya kumaliza njia. Fomula ya kosaini haikuambii hilo hata siku moja, na ndo maana naipenda hii programu.

Wenye vigunduzi vya silikoni vya unene wa maikromita 300, shusheni kile kikomo cha kuzalisha chembe za pili (umbali ambao chembe mpya inayozaliwa njiani lazima iweze kusafiri ndipo programu iifuate), maana kinakuja kimewekwa mm 0.7, kinazidi unene wa kigunduzi chenyewe!

Saa hizi niko na alfa (viini vya heli) zinazotoka kwenye amerisiamu-241, dutu ya mionzi, na huko mambo yamegeuka, ukilaza pembe kilele cha grafu kinahamia upande wa nishati ndogo, sababu alfa inaishia ndani ya silikoni, kinachorefuka ni njia yake kwenye ile ngozi mfu ya juu ambayo haisomi kitu.