Geji ya presha ya oili: uzoefu wangu nayo kwenye injini ya 3L ya Hiace

Taa ya oili ikiwaka kwenye Hiace ya 3L (injini ya dizeli ya Toyota) iliyotoka kufanyiwa ovaholi, wengi hukimbilia kushusha sampu (trei ya oili chini ya injini) au kununua pampu mpya. Mimi naanza na geji: saa ya mshale, mpira wa kama mita moja na adapta kadhaa ndani ya boksi la plastiki. Haina waya wala betri. Unafungua swichi ya oili, ile inayowasha taa, kwenye bloku, unafunga mpira pale pale, unasoma.

Kasoro yake kubwa ni adapta. Swichi ya Toyota ina nyuzi za 1/8 BSPT (kipimo cha Kiingereza cha nyuzi za bomba), nyuzi 28 kwa inchi, lakini adapta inayokuja kwenye seti nyingi ni 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani), nyuzi 27. Kwa macho huoni tofauti. Inaingia mizunguko miwili kwa raha, halafu inakuwa ngumu, na hapo ndipo mtu anaongeza spana na kuua nyuzi za bloku. Nunua adapta ya BSPT kando, ni kitu kidogo. Tredi tepu, ile ya kuzibia nyuzi, zungusha mara mbili tu na uache uzi wa mbele mtupu, maana kipande kikikatika kinaingia kwenye njia ya oili. Mpira nao ufunge mbali na manifoldi ya ekzosi. Ukiyeyuka, oili inamwagika kwenye chuma cha moto.

Pima mara mbili, injini ikiwa ya baridi na tena ikishapata moto kamili. Presha ya baridi hudanganya kwa sababu oili bado nzito. Kwa 3L, kiwango cha Toyota injini ikiwa ya moto ni angalau psi 4 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, na psi 36 hadi 85 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ikionyesha presha safi huku taa inawaka, badilisha swichi au fuata waya wake, na usiguse kingine.

Mshale usipopanda kabisa baada ya kufunga injini, usiwashe. Chomoa waya wa solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu ya nozeli, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Ukibaki sifuri baada ya mara nne au tano, pampu haikujazwa oili wakati wa kufunga, au kuna plagi ya njia ya oili iliyosahauliwa bloku lilipopelekwa kuoshwa. Hili la plagi hutokea kuliko watu wanavyokiri.

Presha ikiwa ndogo hata injini ikiwa baridi, angalia upande wa pampu: vavu ya kuachia presha imekwama wazi kwa uchafu, rota zimechubuka, au bomba la kunyonya linavuta hewa kwenye gasketi yake. Hewa utaijua kwa mshale kutetemeka. Silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye sampu pia hukatika vipande na kuziba chujio la kunyonyea; hapo presha huanza vizuri halafu hushuka ukikanyaga mafuta.

Presha nzuri ya baridi inayoporomoka injini ikipata moto ni kesi nyingine. Kwanza nusa dipstiki. Ikinuka dizeli, oili imepunguzwa nguvu, na kosa liko kwenye nozeli au pampu yake. Isiponuka, ni nafasi ya beringi. Kati ya krenki (shafti kuu ya injini) na beringi panatakiwa takriban milimita 0.03 hadi 0.06, na mwisho ni 0.10. Krenki ikichongwa 0.25 halafu dukani ukapewa beringi za standadi (za krenki isiyochongwa), nafasi inafika karibu 0.30, mara tatu ya mwisho wenyewe. Hakuna pampu ya kujaza pengo hilo. Geuza beringi usome namba ya saizi mgongoni, usiamini maandishi ya boksi. Kisha pima kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa kuonyesha nafasi: futa oili yote, laza kipande juu ya krenki, kaza kepu kwa tokwenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) bila kuzungusha krenki, fungua, linganisha upana wake na karatasi yake. Zikiwa sawa beringi zote za mein (zinazoshika krenki) na za bigi endi (za konirodi), bado kuna bushi za kemshafti.

Kuhamia oili nzito zaidi ili mshale upande ni kuficha tatizo, na siku ya safari ndefu yenye mlima litarudi.

Sasa lawama yangu ya pili kwa geji yenyewe. Saa yake inafika psi 140, na kila kistari kidogo ni psi 5. Kwenye mizunguko 3,000 inasomeka vizuri. Kwenye sailensa ya moto, ambako ndiko kuna ubishi wote, psi 4 na psi 8 zinaonekana karibu sawa. Nimeifungia kiungo cha T chenye koki na saa ndogo ya psi 0 hadi 30. Koki naifungua injini ikiwa ya moto na ikiwa sailensa tu, na naifunga kabla ya kukanyaga mafuta, la sivyo saa ndogo inapasuka. Kwa nyongeza hiyo, seti hii inastahili kukaa gereji. Bila hiyo, itakuambia nusu ya habari.