Spesa za milimita 5 kwenye Forester yenye breki za WRX: uzoefu wangu hapa Dodoma

Natumia Subaru Forester ya umbo la SG yenye tabo, na njia yangu ya mara kwa mara ni Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera. Anayeijua njia hiyo anaujua Mlima Nyang'oro. Ukitoka Iringa na gari limejaa watu na mizigo, ule mteremko na kona zake vinapasha breki moto mpaka zinanuka, na pedali inaanza kuwa laini mguuni. Ndiyo maana nilifunga mbele kalipa (vishikio vinavyobana diski ya breki) za pistoni nne za Impreza WRX, mtumba wa Japani. Zinakaa palepale zilipokuwa za zamani, na diski inabaki ile ile ya milimita 294. Nilibadilisha pia mafuta ya breki, nikaweka DOT 4.

Tatizo lilikuja kwenye kurudisha matairi. Rimu zangu za inchi 16 ziligoma. Fundi wangu wa Kizota akaizungusha moja kwa mkono, ikakwaruza kalipa na kusimama. "Kaka, inagusa mgongo wa spoki tu, huku kwenye duara iko huru," akaniambia.

Wadau, sentensi hiyo ya fundi ndiyo iliyoamua kila kitu. Kalipa kubwa inaweza kugusa rimu sehemu mbili: mgongo wa spoki, au ule ukuta wa duara kwa ndani. Spesa, lile bamba linalokaa kati ya kitovu cha gurudumu na rimu, inaisogeza rimu nje, basi. Kama ni spoki inayogusa, utapona. Kama ni ukuta wa duara, kwa kawaida spesa haitakusaidia, kwa sababu kipenyo cha rimu hakiongezeki kwa kusogezwa nje. Hapo unahitaji rimu kubwa zaidi, au ya inchi zilezile yenye nafasi zaidi ndani. Nimeona watu wananunua spesa nene, halafu nene zaidi, na rimu bado inakwaruza palepale.

Kupima hakuhitaji mashine. Tulibandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya kalipa, tukaweka rimu pamoja na vipande vya kadibodi vilivyokatwa kama spesa, tukakaza nati kidogo, tukazungusha taratibu. Ukiitoa rimu, unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Mimi sikutaka chini ya milimita 3. Angalia pia risasi za balansi zilizobandikwa ndani ya rimu, maana zile ndizo hugonga kalipa siku ya kwanza barabarani wakati wewe ulipima rimu tupu.

Spesa ya milimita 5 ilitosha. Dukani nilioneshwa kwanza zile za "gari zote", zenye matundu marefu ili ziingie mpangilio wowote wa stadi (boliti za kufungia rimu) na tundu pana katikati. Nilizikataa na ningezikataa tena. Habu, yaani kitovu, ya Subaru yangu ina kola (ukingo wa duara uliochomoza katikati) ya milimita 56.1, na kola hiyo ndiyo inayoikalisha rimu katikati. Spesa yenye tundu pana inacheza, na kama pia inaificha kola, rimu inabaki kutegemea nati peke yake kujipanga. Ikikaa pembeni hata kidogo, usukani unatetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu. Niliagiza za alumini zilizochongwa kwa kipimo cha habu yangu na stadi tano kwa mpangilio wa milimita 100. Pea yake ilinigharimu chini ya bei ya tairi moja jipya. Kwenye gari langu, kola bado inachungulia nje ya spesa na rimu inaishika vizuri. Ukienda unene zaidi ya huo, tafuta spesa yenye kola yake yenyewe.

Sasa stadi, na hapa naomba msome polepole. Stadi zangu ni za milimita 12, na uzi wake una hatua ya milimita 1.25. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, yaani karibu mizunguko tisa na nusu. Spesa ya milimita 5 inakula mizunguko minne. Hesabu mwenyewe kinachobaki kwenye stadi za kiwandani. Mimi niliweka stadi ndefu mbele kote, zile za zamani zikang'olewa kwa presi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kalipa zenyewe, na fundi mmoja kabla ya huyu aliniambia haina ulazima. Sikumpa gari.

Kabla ya kufunga, uso wa habu ulisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa. Kulikuwa na pete ya kutu iliyochanganyika na vumbi letu jekundu, nyembamba kama ukucha. Ukiiacha hiyo chini ya spesa, uchafu unajibana ukiwa njiani na nati zinalegea. Nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota, na baada ya kwenda Chamwino na kurudi tukazikaza tena. Mbili zilikubali kusogea.

Barabarani? Usukani umetulia, hautetemeki. Kwenye mashimo unauhisi unavuta zaidi kidogo kuliko zamani, jambo la kutegemea kwa rimu iliyotoka ofseti (umbali, kwa milimita, kati ya uso wa kufungia na katikati ya upana wa rimu) 48 ikawa kama 43. Nyang'oro nashuka na gia ya chini kama kawaida, lakini sasa pedali inabaki juu mpaka bondeni. Kwa kazi niliyoitaka, nazipa spesa hizi alama zote. Za milimita 20 au 25 ili tairi zitokeze kwenye madigadi ni habari nyingine. Zinaelemea beringi na mimi sizitaki.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: tairi la akiba. Lijaribu gereji juu ya kalipa mpya. La kwangu, lile jembamba, halipiti mbele. Kwa hiyo pancha ikiwa ya mbele, nalileta tairi la nyuma mbele na la akiba linakwenda nyuma, huko ndiko kitabu cha gari kinakotaka likae hata hivyo. Kwa Forester ya otomatiki kama yangu, weka pia ile fyuzi ya FWD chini ya boneti kabla ya kuondoka, ili gari livute kwa matairi ya mbele tu mpaka utakapofika kwa fundi wa pancha.