Pneumabort-K + 1b kwa farasi jike wenye mimba

Chanjo hii ya Zoetis ina virusi vya hepesi vilivyouawa, aina ile ile inayofanya mimba zitoke. Dozi ni mililita 2 kwenye msuli, mwezi wa 5, wa 7 na wa 9 wa mimba. Ukiruka ya mwisho umejipunja: kinga yake hushuka haraka, na mimba zinazotoka kwa virusi hivi nyingi hutoka katika theluthi ya mwisho. Tikisa chupa vizuri kabla ya kuvuta. Palipochomwa huweza kuvimba; si ajabu.

Haizuii kila mimba kutoka, hivyo farasi wageni watengwe. Kinga ya pepopunda haimo kabisa. Hiyo ichomwe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kingamwili ziingie kwenye dang'a (maziwa ya kwanza), kwani kondo la farasi halizipitishi kwa mtoto.