Rome: Total War kwenye laptopu ya mtumba, nimepigwa wiki nzima ndo nikaielewa

Wadau wa gemu wa Mwanza, mnaoniona kila siku nimejifungia na laptopu hapa Kirumba, leo nawapa ripoti. Rome: Total War ni gemu la zamani bana la kuongoza majeshi na miji ya Warumi wa kale, limetoka 2004, limetengenezwa na Creative Assembly wa Uingereza, na huo uzee ndo uzuri wake kwa sisi wa mashine za mtumba, yani kwangu linakimbia freshi kabisa kwenye laptopu ambayo ukiifungulia video mbili tu inahema kama imepanda mlima wa Bugando. Kwenye simu pia lipo, Android lilifika 2018, nikalijaribu kwenye simu ya mpwa wangu ila kidole kinaziba nusu ya jeshi, mimi hapana, labda uwe na tableti.

Unaanza mwaka 270 kabla ya Kristo na unachagua ukoo mmoja wa Kirumi: Julii, Brutii au Scipii. Mgeni chukua Julii. Unakuwa na miji miwili, Arretium na Ariminum, jirani zako ni Wagauli, yani makabila ya kaskazini, na Seneti, lile baraza la wakubwa wa Roma, inakupa kazi za kufanya, mimi ya kwanza niliambiwa nikauteke mji wa waasi unaitwa Segesta. Hizo kazi za mwanzo zifanye, usijifanye mjuaji, maana zina zawadi. Ila baadae ukiwa mkubwa sana na wananchi wakikupenda, Seneti hiyohiyo inakuletea barua kwamba mkuu wa ukoo wako ajiue 😂 nilicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Sasa kwa nini nilipigwa wiki nzima. Nilikuwa namtanguliza jenerali. Namuona na farasi wake wamependeza nawaza huyu ndo mashine yangu, namrusha moja kwa moja kwa watu wa mikuki, dakika haijaisha keshakufa na jeshi lote linageuza mgongo linakimbia. Mpwa wangu yuko darasa la sita, akaniuliza, "Anko, sasa wote si wanamtegemea huyo mzee, mbona unamuua wa kwanza?" Sikuwa na jibu.

Fanya hivi. Hastati, askari wako wa miguu, wapange mstari mmoja mrefu na uwaache wasimame, usiwakimbize, kwa sababu wana mikuki ya kurusha na adui akija mwenyewe anaipokea kifuani kabla hata hajafika. Velites, wale wepesi wa kurusha mikuki, wakae mbele yao, warushe ya kwao af uwarudishe nyuma haraka. Jenerali nyuma ya mstari, watu wakimuona wanapata moyo. Farasi waweke pembeni kabisa, halafu hapa ndo penye kazi: subiri. Mistari ikishagusana ndo uwazungushe mpaka mgongoni kwa adui, wape umbali wachukue kasi, wagonge, kisha WATOE warudi wagonge tena, maana farasi akisimama katikati ya watu wa miguu ni kitoweo. Na ukikutana na Wagiriki wa mikuki mirefu usiwafuate usoni hata wakutukane.

Walioona kokoro, ule wavu wa kuzungushia samaki, likivutwa (najua ni marufuku, sijamtuma mtu) hii hawahitaji kufundishwa. Hannibal, jenerali wa Karthago, aliwafanyia Warumi hivyohivyo pale Cannae mwaka 216 kabla ya Kristo, katikati yake ikalegea ikarudi nyuma, Warumi wakaona wanashinda wakazidi kuingia mfukoni, pembeni zikawabana na farasi wakaja kufunga mdomo kwa nyuma. Nimeijaribu kwa Wagauli wa mji wa Mediolanum, nikatoka na hasara ndogo mno.

Kingine, usiajiri askari kama unanunua dagaa wa fungu. Kila kikosi kinapunguza watu wa mji wako, watu wakipungua kodi inapungua, na askari wanakula hela kila zamu yako ya kucheza hata wakiwa wamekaa tu. Vikosi vilivyobaki nusu viunganishe au virudishe mjini vijazwe. Na vita ikikuchanganya bonyeza P, kila kitu kinasimama, unatoa amri zako taratibu, mimi hii niliijua siku ya tano nikajiona mjinga.

Kasoro ipo: ukiingia ndani ya mji askari wanajazana getini kama abiria wa daladala ya Buhongwa jioni, unawaambia nenda kushoto wanazunguka mtaa mzima. Na huwezi kusevu ukiwa katikati ya vita, kwa hiyo sevu kabla. Laptopu yangu betri ilishakufa, juzi farasi ndo wanagonga mgongo wa adui, yani wale jamaa wameanza kabisa kukimbia, umeme huo ukakata.